Transista Tatu za Redio ya Marehemu

Nilifika Nakuru baada ya siku tano ndani ya lori la kreti tupu za soda. Kutoka Lodwar, mtu mwenye haraka angeimaliza safari hiyo kwa siku moja. Sisi tulilala Kapenguria kwa sababu dereva alishikwa na homa, tukalala Kitale kwa sababu homa ilinihamia mimi, na Rongai ekseli ikakatika, tukakaa siku mbili kando ya maghala tukila mahindi waliyotuchomea walinzi. Gitaa langu lilikuwa ndani ya gunia, limefungwa kwa kamba ya katani. Siku ya kwanza dereva alilitazama bila kuuliza. Ya pili akashindwa.

"Boss, unaenda Nakuru kutafuta kazi ama unatoroka bibi?"

"Natafuta sauti."

"Sauti?" Akaupiga usukani kwa kiganja. "Si ungesema mapema. Hii gari iko na sauti zote. Chagua."

Sikuwa namtania. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimekaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili. Nilifunga spika za makanisa Bungoma, nikapiga gitaa katika baa za Isiolo, nikatengeneza redio Lodwar. Kila nilipohama nilibeba kumbukumbu ile ile: redio ya jirani yetu nikiwa mtoto, na gitaa moja ndani yake ambalo halikulia kama gitaa. Lilivuma. Lilikuwa kama nyuki waliokasirika ndani ya mzinga, ila nyuki wanaoujua wimbo. Mzee mmoja aliyewahi kuuza sahani za santuri aliniambia kwamba bendi za namna hiyo zilikuwa Nakuru, katika mabaa ya karibu na stesheni. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo.

Mabaa hayo yalikuwa yamegeuka maduka ya simu na viti vya plastiki. Nilipata chumba Bondeni, katika ploti ya mama mmoja mjane. Wazazi wake walitoka Pwani zamani, na Kiswahili chake kilinyooka hivi kwamba wapangaji wengine walipoongea naye walipunguza mwendo, kama gari linalokaribia tuta. Mumewe alikuwa amezikwa miezi minne kabla sijafika, kwao Olenguruone, juu Mau. Dirishani kwake kulikuwa na redio ya zamani yenye kava la ngozi. Kila saa kumi na mbili asubuhi niliisikia kupitia ukuta, ikitoa habari kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

Jioni ya tatu nilitoa gitaa kwenye gunia nikapiga. Mama akaja akasimama mlangoni, mikono yake bado ina povu la sabuni.

"Unapiga vizuri, mwanangu. Lakini sauti yako ni safi mno. Marehemu hakupiga hivyo."

"Marehemu alikuwa anapiga gitaa?"

"Miaka thelathini na mmoja. Kila Ijumaa na kila Jumamosi, hapo karibu na stesheni."

"Alipiga vipi?"

Akafunga mdomo, akavuma. Ilitoka puani na kooni kwa pamoja, nzito, yenye kukwaruza. Nywele za mikono zilinisimama. Ilikuwa ile.

Alinieleza yote akiwa amesimama pale pale. Mumewe alikuwa na kisanduku alichokiunda mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu, akakiita mzinga. Alikikanyaga kwa mguu, na gitaa likageuka. Bendi ilipovunjika, kisanduku kilichukuliwa pamoja na vyombo vingine, hakikuonekana tena. Gitaa lilibaki. Lilikuwa jekundu, limetundikwa ukutani kwake juu ya kitanda.

Kisha akaenda kuleta karatasi. Ilikuwa ratiba ya mazishi, ya kukunja, yenye picha ya marehemu akiwa na tai. Akaniwekea kidole kwenye historia ya marehemu. Alizaliwa. Akasoma. *Aliishi Nakuru kwa muda.* Akaugua.

"Shemeji yangu ndiye aliyeiandika," alisema. "Kaka yake mkubwa. Akaisoma mbele ya watu wote, nami nimekaa hapo na nguo nyeusi. Kwa muda! Huo muda ndio mimi."

Mwezi wa saba ungekuwa mwaka mmoja, na familia ingefanya ibada ya ukumbusho kaburini. Alikuwa amempigia shemeji simu akaomba gitaa la marehemu lipigwe. Shemeji alikubali wimbo mmoja, tena usiwe wa baa. Hakuna aliyekuwa amepatikana wa kuupiga.

"Nataka waisikie ile sauti, mara moja tu. Ukienda na hiyo yako safi, watasema ni kijana wa kwaya. Nao watakuwa wamesema kweli."

Nikamwambia nitaunda mzinga mwingine. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kuleta mkate.

Saketi yenyewe si kubwa. Niliitoa kwenye simu, nikainakili katika daftari: transista mbili, resista nne, kapasita tatu, na virungu viwili vya kuzungusha. Unailisha sauti ya gitaa, transista ya kwanza inaikuza, ya pili inaikuza tena hadi inavimba na kupasuka. Kupasuka huko ndiko kuvuma. Swichi ya kukanyaga niliipata kwa wauza vipuri vya magari makuukuu, ile iliyokuwa sakafuni mwa malori ya zamani, ambayo dereva aliikanyaga kushusha taa. Sanduku alinigongea fundi wa masufuria kwa mabaki ya alumini. Wiki ya pili kilikuwa tayari. Nikakiunga na spika ndogo ya kuazima, nikamwita mama, nikakanyaga.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha.

"Huyo ni nzi," alisema. "Mimi nakwambia nyuki."

Alikuwa na haki. Transista nilizotumia ni za siku hizi, na sauti yake ni kali, nyembamba, inakata kama ukingo wa bati. Zile za zamani zilitengenezwa kwa madini yaitwayo germaniamu, nazo hupasua sauti taratibu, kwa mviringo. Nilizunguka mafundi wote wa redio mjini. Mmoja alicheka hadi akaweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Germa-nini? Boss, hizo zilizikwa pamoja na guka, babu yangu. Labda ufungue redio ya mzee fulani."

Nilirudi nyumbani na neno hilo mdomoni, na kwa siku nne sikulitema. Nilikuwa najua redio ya mzee fulani ilipokuwa. Niliisikia kila asubuhi.

Siku ya tano mama aliniuliza mwenyewe kwa nini siku hizi nanyamaza. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba nikizitoa redio haitapona, na kwamba transista hizo hufa kwa joto, sekunde mbili za ziada tu za chuma. Naweza kuua redio na nisipate mzinga.

Aliitazama redio dirishani. Alikuwa amezoea kuifuta vumbi kwa ncha ya leso, na hapo pia aliifuta.

"Hii inaniambia mvua itanyesha Kericho," alisema. "Mimi Kericho sina mtu." Akaiweka mapajani mwangu. "Fungua. Lakini fungua hapa, niko."

Nimelehemu vitu vingi maishani, lakini adhuhuri ile nilipangusa ncha ya chuma mara tatu kabla ya kuanza. Ndani kulikuwa na transista saba, vikopo vidogo vya fedha vyenye miguu mitatu kila kimoja. Nilizitoa moja moja. Kwa mita, nne zilikuwa zimechoka, zinavujisha umeme ovyo. Tatu zilikuwa nzima. Nilihitaji mbili, nikajisifu moyoni kwamba nina akiba.

Ya kwanza niliishika mguu kwa koleo lililofungwa kitambaa kibichi, koleo linywe joto kabla halijafika juu. Nikagusa risasi ya kulehemia, ikayeyuka, nikatoa chuma. Nzima. Ya pili ilikataa kushika. Nikagusa tena. Nikagusa mara ya tatu, nikahesabu moja, mbili, na mama akasema, "Inatoa harufu." Nilipopima, sindano ya mita haikusogea kabisa.

Ilibaki moja, na mguu wake mmoja ulikuwa umeota kutu. Nilikwenda bombani, nikaosha uso, nikarudi. Safari hii mama alishika koleo. Mkono wake ulitulia kuliko wangu.

"Ukiwa tayari, niambie," akasema.

"Sasa."

Ilishika.

Nilikaribia kuziua zote mbili tena kwa betri. Katika saketi hizi za zamani, chanya ndiyo inayoungwa kwenye sanduku, kinyume na tulivyofundishwa darasani, nami niligundua kidole changu kikiwa tayari kwenye swichi. Nikageuza nyaya. Nikachomeka gitaa jekundu, nikakanyaga swichi ya lori, ikalia *tak*. Nikapiga uzi mmoja.

Chumba kilijaa. Mama alikaa kitandani polepole, kama mtu aliyeshikwa bega.

"Karibu," alisema. Sijui alikuwa anamkaribisha nani.

Ndani ya sanduku nilikuwa nimeweka skrubu ndogo ya kurekebishia umeme wa transista ya pili. Ukiizungusha kidogo upande huu sauti inakauka, upande ule inazama. Niliitafutia mahali pake kwa siku nyingi, na kila mara nilifanya hivyo adhuhuri, kwa sababu ndio wakati ambao wapangaji wote walikuwa kazini na hakuna wa kugonga ukuta. Ilikuwa mwezi wa pili, jua linachoma bati. Nilipopata mahali pake, niliifunga skrubu kwa tone la rangi ya kucha, isisogee barabarani. Nikafunga kifuniko. Nilijiona mjanja sana.

Mwezi wa saba tulipanda Olenguruone kwa gari la jirani, mama mbele, mimi nyuma na gitaa na sanduku miguuni. Tulipita Njoro tukiwa na jua. Baada ya Molo vioo vikaanza kufanya ukungu. Tulipofika, mashamba ya viazi na malango yote ya boma yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, na watu walikuwa wamevaa makoti ya mvua juu ya suti. Pumzi zilionekana. Kanisa lilikuwa limeleta jenereta na spika, vimewekwa kwenye nyasi kando ya kaburi.

Shemeji alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya. Alimsalimia mama kwa heshima, mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Kisha akanitazama mimi.

"Huyu ndiye wa gitaa?"

"Ndiye, shemeji."

"Wimbo mmoja, kijana. Baada ya kuimba kwaya, kabla sijasema neno la familia. Hapa kuna ng'ombe wa kukamua."

"Sawa, mzee."

"Na hicho ni nini?" Alikigusa kisanduku kwa ncha ya bakora.

"Ni cha sauti, mzee."

"Gitaa lenyewe halina?" Wanaume wawili nyuma yake wakacheka. "Ndugu yangu alikuwa na kelele ya kutosha. Viazi havikumsikia hata siku moja."

Kwaya iliimba beti tano. Niliketi kwenye kiti cha plastiki, gitaa jekundu mapajani, kisanduku kwenye nyasi zilizolowa, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mchungaji akaniashiria. Nikakanyaga, *tak*, nikapiga.

Kilichotoka kilikuwa kikohozi. Sauti ilishika nusu ya nusu, ikakatika. Nikapiga tena, kwa nguvu. Ikakwaruza, ikafa. Nikaangalia waya, nikaangalia betri. Nikapiga mara ya tatu na hakikusikika chochote ila jenereta. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Sikuthubutu kumtazama mama, kwa maana nilijua anawaza nini: redio imekufa, na sasa hili, mbele ya watu wale wale.

"Basi," alisema shemeji, akaichukua maikrofoni. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kama mtu anayefunga geti. "Vitu hivi vya umeme ni hivyo hivyo. Tuketi. Nitasema neno la familia."

Hapo ndipo mama alipoinuka. Alitembea moja kwa moja mbele ya shemeji yake aliyekuwa akiongea, akainama, akakiokota kisanduku kwenye nyasi. Nilidhani anakitupa.

"Kimepatwa na baridi," aliniambia kwa kunong'ona.

"Mama?"

"Walipokwenda kupiga Molo alikuwa anakiweka kwapani njia nzima. Mimi nikimcheka, namwambia unalea. Chomoa hizo nyaya."

Nilichomoa. Akafungua koti, akakiingiza ndani, chini ya leso mbili, akakibana kwapani, akaketi. Nami nikaelewa, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Germaniamu hufa kwa joto, hilo nililijua. Kumbe pia hulala kwa baridi. Nilikuwa nimeipimia mahali pake chini ya bati la Bondeni saa sita mchana, nikaipiga rangi ya kucha, nikaileta Mau.

Sasa tulimtegemea shemeji aendelee kusema. Na alisema, Mungu ambariki. Alianza na babu yao. Akapita kwenye shamba, mipaka yake, nani alipanda miti ipi. Mama alikaa wima na kisanduku kwapani kama mtu mwenye jipu. Nilihesabu pumzi zake. Akafika kwa marehemu. Alisema ndugu yake alikuwa mtu mpole, alisoma, akaishi Nakuru kwa muda, na kwamba ujana una mambo mengi na sisi sote tusihukumu. Nilimwona mama akifumba macho. Hakutoa mkono wake ndani ya koti. Shemeji akawashukuru waliokuja. Akawashukuru waliotuma salamu. Alipofungua mdomo kumwita mchungaji afunge kwa sala, mama alinipitishia kisanduku kwa magoti. Kilikuwa na joto kama yai lililotoka kwa kuku.

Niliunga nyaya bila kuomba ruhusa. *Tak.*

Sauti ilitoka nzima. Iliruka kaburi, ikagonga ukuta wa zizi, ikarudi. Ng'ombe waliinua vichwa. Nilipiga wimbo wa kanisa, kama nilivyoagizwa, ule ule waliotoka kuuimba, lakini kwa sauti ile ulikuwa na uzito mwingine, kama unaimbwa na mzee aliyeuishi. Bibi mmoja kizee aliyekaa mstari wa mbele akasema kwa sauti kubwa, "Ni yeye! Huyu ni yeye, wa redioni!" Nilijua sina muda mrefu. Ubeti wa pili nilisikia ukingo wa sauti unaanza kukauka. Wa tatu nilipiga nikiwa nimekishika kisanduku katikati ya viatu vyangu viwili. Nikamaliza kabla hakijalala tena, labda kwa sekunde kumi.

Shemeji alikuwa bado amesimama na maikrofoni mkononi. Aliitazama spika, halafu akamgeukia mama. Nadhani alisahau kwamba maikrofoni inafanya kazi.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anapiga?"

"Hivi, shemeji. Kushinda hivi."

"Kila siku?"

"Kila Ijumaa na kila Jumamosi."

"Miaka mingapi?"

Mama alisimama kujibu. "Thelathini na mmoja."

Ikasikika yote kwenye spika, hadi kule kwa akina mama waliokuwa wanapakua chakula. Shemeji akarudia polepole, "Thelathini na mmoja," kama mtu anayepima kipande cha ardhi kwa hatua na kukuta ni kikubwa kuliko alivyoambiwa. Akavua kofia yake ya manyoya. Mchungaji akafunga kwa sala.

Nilikaa Nakuru miezi miwili mingine. Mama alitembea tofauti uani, hilo lilionekana hata kwa wapangaji. Lakini saa kumi na mbili asubuhi niliamka, nikasikiliza ukuta, na ukuta ulikuwa kimya. Nilimletea redio mpya, akanishukuru, akaiweka jikoni, akawa anasahau kuiwasha. Nilikuwa nimeipata sauti niliyoitafuta miaka thelathini na zaidi, na sasa miguu ilikuwa inaniwasha vile vile, bila hata kisingizio.

Siku niliyoondoka nilitoboa tundu dogo kwenye kifuniko cha mzinga, mkabala na ile skrubu, nikaifuta rangi ya kucha. Nilimwonyesha mama jinsi bisibisi inavyoingia. Yeyote atakayekuja kulipiga gitaa jekundu aweze kukirekebisha kulingana na alipo, Bondeni au Mau.

Alichungulia tundu kwa jicho moja.

"Nawe ungekuwa na kitundu kama hiki, mwanangu," alisema, "tungekuzungusha kidogo ukae."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akakichukua kisanduku. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kidogo, na nilipofika getini na gunia langu nikageuka kumpungia mkono, alikuwa amekwisha kukitia ndani ya leso.